Waliokuwapo Bila Kuandikwa

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na kopo la biskuti lililoanza kushika kutu, na ndani yake alihifadhi cheti cha babu cha kuachishwa jeshi. Babu alikuwa askari wa KAR. Alipelekwa Burma katika Vita Kuu ya Pili, akarudi mzima wa mwili, akalima tumbaku, akafa kabla sijawa na akili ya kumuuliza jambo lolote la maana. Mwaka 1974, nikiwa darasa la sita, Bibi alisikia kwamba wajane wa askari wa zamani wanaandikishwa ili wapate chochote. Akanichukua niwe msomaji wake, tukaenda katika ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja.

Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia Bibi, akampa kiti, akakisoma kile cheti mbele na nyuma. Kisha akaomba cheti cha ndoa. Bibi akacheka. Yeye na babu waliozwa na wazee, mbele ya ukoo mzima, na ng'ombe wa mahari walihesabiwa mchana kweupe. Nani angefikiria kuandika?

“Sasa bibi yangu,” kijana akasema, “nitajuaje kama wewe ndiye mkewe? Humu jina lako halimo.”

“Mimi ndiye niliyemngoja miaka minne,” Bibi akamjibu.

Kijana akainamisha kichwa. Nadhani alimwamini. Lakini fomu yake haikuwa na mahali pa kuandika jibu la namna hiyo, nasi tukarudi nyumbani kwa miguu, Bibi akiwa kimya na kopo lake kwapani.

Nimeanza na habari hii ili msomaji asishangae mtu wa Tabora anatafuta nini katika maisha ya mbunge wa Marekani aliyekufa mwaka 1960. Nilimwona mara ya kwanza katika picha. Ni picha ya tarehe 22 Juni 1944, Rais Roosevelt amekaa mezani anatia sahihi sheria ya kuwatunza askari watakaorudi vitani, ile ambayo Wamarekani wanaiita G.I. Bill. Nyuma yake wamesimama wanaume waliovaa suti. Katikati yao yumo mwanamke mmoja, mtu mzima, peke yake. Niliuliza ni nani. Nikaambiwa ni Edith Nourse Rogers, mbunge wa Massachusetts. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiokota habari zake kidogo kidogo, kama mtu anayeokota korosho zilizobaki shambani baada ya mavuno.

Alizaliwa mwaka 1881 katika jimbo la Maine, katika familia yenye uwezo, akaolewa na mwanasheria John Jacob Rogers. Mume aliingia Bungeni mwaka 1913. Mke hakuwa na kazi ya kisiasa. Mwaka 1917, nchi yao ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, alifuatana na mumewe Uingereza na Ufaransa, akaziona hospitali za wanajeshi zilivyojaa majeruhi. Aliporudi alijiunga na Msalaba Mwekundu, na tangu 1918 hadi 1922 akawa anahudumia wagonjwa katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed mjini Washington, bila mshahara. Wagonjwa wenyewe wakampa jina la malaika wa Walter Reed. Mwaka 1922 Rais Harding akamteua awe mwakilishi wake wa kukagua hospitali za askari waliokwisha kuachishwa jeshi, kwa ujira wa dola moja kwa mwaka, na marais wawili waliofuata, Coolidge na Hoover, wakamwachia kazi hiyo hiyo. Ndiyo kusema kwamba kabla hajapigiwa kura hata moja alikuwa ameshatembea wodi nyingi kuliko wabunge wengi wanavyotembea katika maisha yao yote.

Mumewe alifariki Machi 1925. Ukafanyika uchaguzi mdogo, naye akasimama dhidi ya mtu aliyewahi kuwa gavana wa jimbo, Eugene Foss, akamshinda kwa kura nyingi sana. Wapo waliodhani kwamba mjane amepewa kiti cha rambirambi, atakikalia kipindi kimoja kisha atakwenda zake. Alikaa miaka 35. Alirudishwa na wapiga kura wake, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Lowell na miji ya jirani, mpaka alipofariki Septemba 1960 akiwa katikati ya kampeni nyingine. Kwa desturi yetu ningemwita Mama Rogers, ingawa hakujaliwa mtoto, na hivyo ndivyo nitakavyomwita.

Kazi yake kubwa Bungeni haikuwa hotuba. Inaelezwa kwamba miswada aliyoiwasilisha katika maisha yake ni 1,242, na zaidi ya nusu yake ilihusu majeshi na askari wastaafu. Mingi katika hiyo ni mambo madogo madogo: pensheni ya mtu fulani, mjane wa fulani, mkono wa bandia, kitanda katika hospitali. Mwaka 1930 alipata dola milioni 15 za kujenga hospitali za askari wastaafu katika sehemu mbalimbali za nchi. Baadaye aliongoza kamati ya Bunge ya mambo ya wastaafu mara mbili, tangu 1947 hadi 1949, na tena tangu 1953 hadi 1955. Ningeweza kuendelea na orodha hii, lakini sidhani kwamba hapo ndipo ilipo habari yenyewe. Habari yenyewe ni jambo aliloliona Ufaransa, likamkaa moyoni kwa zaidi ya miaka ishirini.

Aliwaona wanawake wenzake wakifanya kazi ya jeshi bila kuwa jeshini.

Nitoe mfano wa wasichana wa simu. Jenerali Pershing, mkuu wa majeshi ya Marekani huko Ufaransa, alihitaji watu wanaojua Kiingereza na Kifaransa ili kuunganisha simu kati ya makao makuu na mstari wa mbele. Wakachaguliwa wanawake, wakapelekwa zaidi ya 200. Walikula kiapo. Walivaa sare, tena waliinunua kwa fedha zao. Walikuwa chini ya nidhamu ya kijeshi, na baadhi yao walikaa kwenye mitambo yao karibu sana na vita mpaka wakasikia mizinga. Vita ilipokwisha wakarudi nyumbani, na walipoomba haki za askari wakaambiwa kwamba wao walikuwa vibarua wa mkataba. Hawakuwa na cheti cha kuachishwa, kwa maana katika macho ya sheria hawakuwahi kuandikishwa. Aliyeugua hakupata hospitali ya jeshi. Aliyekufa hakuzikwa kwa bendera.

Mama Rogers alieleza wazi kwamba wanawake wa aina hiyo ndio waliomsukuma. Kwa hiyo tarehe 28 Mei 1941, Marekani ikiwa bado haijaingia vitani, aliwasilisha muswada wa kuunda jeshi la wanawake. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa: vita ikija, jeshi litawaita wanawake lisilitake, maana litawahitaji, basi waitwe kwa majina yao na waandikwe, ili wakiumia wajulikane ni wa nani.

Muswada ukalala ofisini kwa miezi. Ilibidi Wajapani washambulie Pearl Harbor mwezi Desemba ndipo ukakumbukwa. Hata hapo ulipojadiliwa, mbunge mmoja alisimama akauliza kwa uchungu mkubwa kwamba wanawake wakienda jeshini, ni nani basi atakayepika na kufua na kushona nguo zilizochanika. (Nilipolisoma hilo nilicheka. Babu yangu mwenyewe alikwenda Burma, na hakuna aliyesimama popote kuuliza ni nani atakayelima.) Machi 1942 ulipita kwa kura 249 dhidi ya 86, na Mei 15 Rais akautia sahihi.

Lakini sasa nifike mahali ambapo simsifu sana. Ili muswada upite, alikubali jeshi hilo liwe kikosi cha kusaidia tu, kitembee pamoja na jeshi lakini kisiwe ndani yake. Mwenyewe hakutaka hivyo. Alijua kabisa tofauti iliyopo, maana ndiyo iliyowaumiza wale wa Ufaransa. Alipima akaona kwamba nusu mkate ni afadhali kuliko kulala njaa. Wanasiasa hufanya hivyo kila siku, na wengine husahau kurudi kuchukua nusu iliyobaki.

Kilichotokea kilikuwa cha haraka. Desemba 1942 maofisa watano wa kwanza wa kikosi hicho walikuwa baharini wakienda Algiers. Meli yao ilipigwa na topedo usiku. Wawili walishushwa kwa mashua, waliobaki wakaokolewa na manowari, na kwa rehema za Mungu wote watano wakafika, wengine bila mizigo na wamelowa. Sasa msomaji afikirie kama wangezama. Mwanajeshi wa kiume aliyekuwa karibu nao kwenye sitaha alikuwa na bima ya askari, na wazee wake wangelipwa. Wao hawakuwa nayo. Kama wangetekwa na Wajerumani, hawangekuwa na hakika ya kuhesabiwa wafungwa wa vita. Walivaa sare ya jeshi, walikwenda kwa amri ya jeshi, na kitabuni hawakuwa jeshini.

Mama Rogers hakuwa amesahau nusu yake. Miezi michache tu baada ya sheria ya kwanza alikuwa amekwisha kuanza kudai ya pili, na Julai 1943 Rais alitia sahihi sheria iliyoondoa neno la kusaidia. Wanawake wakawa askari kamili, wenye cheo, mshahara, bima na haki za baada ya vita. Kila mmoja akaulizwa upya kama anataka kubaki au kurudi kwao. Robo hivi wakarudi. Waliobaki na waliojiunga baadaye ni wengi. Kwa jumla wanawake kiasi cha 150,000 walipitia jeshi hilo wakati wa vita.

Ndipo ikaja ile sheria ya pichani. Wamarekani walikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka 1932 askari wa vita ya kwanza, wakiwa hawana kazi, walikusanyika Washington kudai fedha walizoahidiwa kulipwa mwaka 1945. Jeshi lao wenyewe likawafukuza na kuchoma vibanda vyao. Sasa watu zaidi ya milioni kumi na tano wangerudi kwa mpigo. Chama cha askari wastaafu kiitwacho American Legion kiliandika mapendekezo, Mama Rogers akawa miongoni mwa wabunge walioyabeba. Sheria ilitoa karo ya shule au chuo hadi dola 500 kwa mwaka, posho ya dola 50 kwa mwezi kwa asiye na familia na 75 kwa mwenye nayo, dhamana ya mkopo wa nyumba au shamba, na dola 20 kwa wiki, kwa muda usiozidi wiki 52, kwa aliyekosa kazi.

Hizo dola 20 nusura ziiue sheria nzima. Mwenyekiti wa kamati, John Rankin wa Mississippi, hakuzitaka. Katika jimbo lake, dola 20 kwa wiki zilikuwa fedha nyingi mno kwa mtu mweusi, na alichelea kwamba askari weusi wakirudi hawatakubali tena kuchuma pamba kwa ujira wa zamani. Kamati ya kusuluhisha Mabaraza mawili ikagawanyika sawasawa. Ikabidi mjumbe mmoja aliyekuwa mgonjwa kwao Georgia, John Gibson, atafutwe usiku, aendeshwe kwa gari akisindikizwa na polisi hadi Jacksonville, arushwe kwa ndege mpaka Washington. Asubuhi ya Juni 10 akapiga kura, muswada ukapona. Watu zaidi ya milioni saba walisoma au kujifunza ufundi kwa sheria hiyo.

Katika picha, Rankin naye yupo. Amesimama hatua chache tu kutoka kwa Mama Rogers. Kwa muda mrefu sikulielewa hilo, mpaka nilipojua sheria ilivyotekelezwa. Rankin alishindwa kuiua, lakini yeye na wenzake walihakikisha kwamba utekelezaji wake unashikwa na ofisi za mikoani na mabenki ya huko huko. Katika Mississippi mwaka 1947, kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa kwa askari wastaafu, miwili tu ilikwenda kwa weusi. Hawa walikuwa na vyeti vyao. Majina yao yalikuwamo. Mimi niliyekua nikiamini kwamba Bibi alikosa haki kwa kukosa karatasi, nilipaswa kujifunza kwamba hata karatasi ina macho ya anayeisoma.

Na siku moja tu kabla ya picha ile, Juni 21, Baraza la Wawakilishi lilikataa muswada wa kuwafanya wanajeshi wanawake waliokuwa wakirusha ndege za kivita kutoka viwandani hadi kambini. Walikuwa zaidi ya elfu moja. Wenzao 38 walikufa kazini, na kwa kuwa hawakuwa askari, jeshi halikuwa na wajibu wa kugharamia mazishi. Mara nyingine marubani wenzao walichanga fedha za kusafirisha jeneza. Mlango uliofunguliwa na Mama Rogers kwa jeshi la nchi kavu haukuwafaa hao wa angani.

Watu wa huku kwetu hatuhitaji kwenda Marekani kuliona jambo hili. Kila siku maelfu ya watu hununua nyanya na mitumba Kariakoo bila kukumbuka kwamba jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebea Waingereza mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Walikuwa mamia ya maelfu, kutoka pande zote za Afrika ya Mashariki. Walikufa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko walivyokufa kwa risasi. Hawakuhesabiwa kuwa askari. Katikati ya Dar es Salaam imesimama tangu 1927 sanamu ya askari mwenye bunduki na singe, na chini yake yako maneno yanayowaambia waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Nimeizunguka sanamu hiyo mara nyingi. Hakuna jina hata moja lililoandikwa pale.

Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofia upande wa Waingereza katika vita ile, pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Nililisoma hilo nikahesabu: miaka mia na zaidi. Mtu wa kumwomba radhi alikuwa hayupo, na mjukuu wake pengine hayupo pia.

Wala vita ya babu haikuwa tofauti sana. Askari wa KAR waliandikwa, ndiyo, lakini kiinua mgongo chao kilipimwa kwa cheo, muda na rangi. Mzungu aliyehudumu katika majeshi hayo hayo ya kikoloni alipata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo hicho hicho. Nani angesimama Bungeni kuwatetea? Bunge lililoamua lilikuwa London, na askari wa Tabora hawakuwa na mbunge London. Katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, Waafrika wa kwanza, machifu wawili, waliteuliwa mwishoni mwa 1945, vita ikiwa imekwisha. Hapo ndipo ninapomwonea Mama Rogers wivu kwa niaba ya Bibi. Mwanamke aliyeosha vidonda vya watu alipata kiti katika chumba kile kile ambamo fedha zao ziligawanywa, akakaa humo miaka 35 akiuliza swali lile lile.

Wasichana wa simu wa Ufaransa walipata haki yao mwaka 1977. Sheria iliyowapa ndiyo hiyo hiyo iliyofungua njia kwa wale marubani. Mama Rogers alikuwa amekufa miaka 17 kabla. Wengi wa wasichana wenyewe walikuwa wamekufa pia. Wachache waliosalia, vikongwe wa miaka themanini na tisini, walipelekewa vyeti vya kuachishwa jeshi ambalo walikuwa wamelitoka miaka sitini nyuma. Mwaka uliofuata hospitali ya askari wastaafu ya Bedford, katika jimbo la Massachusetts, ikapewa jina la Edith Nourse Rogers.

Bibi alifariki mwaka 1983. Hakurudi tena katika ofisi ile, wala hakupata kusema neno baya juu ya yule karani. Alichosema, mara moja tu, tukiwa tunapukuchua mahindi, ni kwamba yule kijana angemuuliza babu alikuwa na kovu gani na wapi, angemwonyesha mahali penyewe kwa kidole. Kopo ninalo mimi sasa. Cheti bado kinasomeka, isipokuwa pale kilipokunjwa.